Viatu Nilivyomnunulia Mama

Kamachumu ni nchi ya juu. Atokaye upande wa ziwa hupanda mlima, na sisi tukaao huku kila siku tuna njia ya kwenda, ya shamba, ya kanisa au ya soko, yenye mawe na mizizi. Kwa hiyo miguu yetu hufanya kazi kubwa. Walakini tukinunua viatu twauliza kwanza rangi, ndipo bei. Mguu wenyewe hauulizwi neno.

Mimi ni mwalimu, nami nalikosa vivyo hivyo. Kabla ya Krismasi iliyopita nalimnunulia mama yangu viatu vyeusi vya kung'aa, vyembamba mbele, apate kuendea kanisani. Sikufuatana naye sokoni. Nalikadiria kwa macho tu. Alipovivaa nikamwuliza, "Mama, havikubani?" Akacheka, akasema, "Havinibani hata kidogo, mwanangu." Nikafurahi. Kumbe jibu lile ndilo lililopaswa kunitia hofu, maana ngozi ya miguu yake ilikuwa imefura pande zote mbili za kiatu.

Mama yangu ana kisukari, na huu ni mwaka wa 12. Ugonjwa huo ukikaa mwilini siku nyingi huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, hata mtu asisikie kubanwa wala kuchomwa. Tena damu huenda isifike vema vidoleni, na jeraha dogo likakawia kupona. Jumapili ya tatu mjukuu wake alipomvua soksi aliona imeshika damu. Kando ya kidole cha mwisho palikuwa na kidonda kama punje ya harage. Wiki 9 twalikwenda kusafishwa kidonda hicho, na siku ile mganga alipotaja habari ya kukata kidole, nalirudi nyumbani nisiweze kula.

Katika wiki hizo mganga yule alinifundisha kununua viatu, nami mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Viatu hujaribiwa jioni, kwa kuwa mguu huvimba mchana. Msimamishe mtu juu ya karatasi, uichore miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani. Kata karatasi, uitie ndani ya kiatu: ikikunjamana, kiache kiatu hicho dukani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kikunje kiatu: kikunjike penye vidole, si katikati. Kibonyeze nyuma, kikilegea kama kitambaa, hakitaushika mguu. Sisi walimu tusimamao kutwa, ambao asubuhi tukishuka kitandani kisigino huuma kana kwamba tumekanyaga msumari, tuziache ndara nyembamba zisizo na kisigino.

Kwa mguu usiosikia huongezwa neno moja: tia mkono ndani kabla ya kuvaa, kwa sababu punje ya hindi huweza kukaa humo mpaka jioni, mwenyewe asijue.

Nalistaajabu kusoma kwamba sehemu ya elimu hii ilitoka kwa wenye ukoma. Dr Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, aliona kwamba vidonda vingi vya nyayo zao havikutokana na ukoma kula nyama, bali na kuukanyagia mguu usiojua maumivu. Huko wakatengenezewa ndara za mpira laini. Mwaka 1966 akahamia Carville, Marekani, na mafunzo hayo yakawafaa wenye kisukari.

Mama alitaka kurudia katambuga zake za tairi. Kwa kweli soli yake ni nene, mwiba haupiti, wala hazibani. Lakini kingo zake ni ngumu, na vidole vi wazi mbele ya kila kisiki. Tulibishana siku nyingi. Mwisho alikubali raba pana za kamba, ingawa asema zamfanya aonekane kama mchezaji wa mpira.

Viatu vyeusi vingali juu ya kabati. Juzi alisema nimpe binti wa ndugu yangu. Nalimsimamisha msichana juu ya karatasi, nikachora, nikakata, nikaitia kiatuni. Ikakunjamana.