Kidole Kilichonitoa Msikitini



Ndugu zangu, leo naandika habari za kidole gumba cha mguu wangu wa kulia. Msicheke. Kidole hicho kilinitoa msikitini karibu miezi mitatu.

Sisi wa Nyamirambo, hapa Kigali, maisha yetu ni kupanda na kushuka. Maumivu yalianza njiani, pale kisigino kinaponyanyuka na kidole kujikunja. Kisha yakaingia katika sala. Katika sijida vidole hukunjwa kuelekea kibla, na kwenye Tahiyyatu mguu wa kulia husimamishwa. Changu kikakataa kukunjika, nikawa naulaza mguu. Siku moja baada ya Isha, kijana mmoja akaniambia mbele ya watu, "Mzee, sijida yako haijatimia." Nia yake ilikuwa njema, lakini niliona haya. Tangu siku ile nikawa nasali nyumbani, nikisingizia kazi.

Binti yangu ndiye aliyegundua. "Baba, mbona siku hizi hatukuoni ukienda msikitini?" Sikuwa na jibu, nikamwonyesha mguu. Kesho yake akanipeleka hospitali.

Mimi nilidhani ni jongo, kwa kuwa nalo hupenda kiungo hicho hicho. Daktari akanieleza kuwa jongo kwa kawaida huja ghafla, kiungo kikavimba na kuwaka moto. Changu kilikuwa kimekakamaa polepole kwa miaka. Picha ya eksirei ikaonyesha gegedu limelika na mfupa umeota kinundu juu ya kiungo. Gegedu likishalika halirudi, alisema, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa.

Nikapimwa mguu, nikatengenezewa soli ngumu ya kuweka ndani ya kiatu, yenye ulimi unaofika chini ya kidole gumba. Kazi yake ni kukizuia kidole kisikunjwe sana kila hatua. Nikaambiwa pia niache viatu vyembamba vya ncha, nivae vyenye nafasi mbele na soli isiyopindika ovyo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa soli ngumu za nyuzi za kaboni zilipunguza maumivu ya ugonjwa huu katika wiki 12. Yangu niliichukia mwanzoni, ilikuwa kama kukanyaga ubao. Baada ya wiki kadhaa nikapanda mlima wetu bila kusimama. Alhamdulillah.

Lakini soli hukaa kiatuni, na kiatu hukaa mlangoni. Ndani ya msikiti ni miguu mitupu. Nikaenda kwa sheikh wetu. Akanikumbusha hadithi ya Ibn Abbas kuhusu viungo saba vya sijida, vidole vya miguu vikiwemo. Kisha akanitajia Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. "Mzee wangu," akasema, "unachokiweza kifanye, usichokiweza umesamehewa. Usikimbilie kiti, maana kidole hakikuzuii kusimama wala kurukuu. Vidole viguse chini kadiri ya uwezo wako, na kwenye Tahiyyatu kaa unavyoweza."

Maneno hayo yaliniliza. Miezi mitatu nilikosa jamaa kwa kuogopa macho ya watu, na jibu lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu.

Enyi vijana wetu, mkimwona mzee hakai sawasawa katika sala, muulizeni kwanza hali yake, tena faraghani. Nasi wazee tusifiche maradhi; Uislamu umetuamrisha kutafuta dawa. Yule kijana nilimweleza, akaniomba radhi, na sasa tunasimama safu moja.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.