Nililivunja Kufuli Lisilo na Kosa

Risiti ya mteja wa Tanga iliingia kwenye simu ya mteja wa Mbeya, ikiwa na jina na salio la mwenyewe. Zikafuata nyingine, chache, na karibu zote zilipotea njia mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na kila mtu anafanya malipo. Aliyesababisha ni mimi. Aliyelaumiwa ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amebadilisha kiolezo cha risiti. Nilimwacha alaumiwe.

Kampuni sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kwenye seva ya kutengeneza risiti, programu ya C++ yenye nyuzi nyingi zinazokwenda kwa wakati mmoja. Kila uzi ukitaka kuandika risiti huchukua bafa, yaani kipande cha kumbukumbu, kutoka juu ya rundo la bafa zilizo huru. Ukimaliza huirudisha juu ya rundo. Rundo lilikuwa na kufuli: uzi mmoja ukishika, nyingine zinangoja. Kufuli hilo lilikuwa limefanya kazi tangu kabla sijaajiriwa na hakuna aliyelilalamikia. Mimi nililiona la kizamani.

Nilikuwa nimesoma kuhusu rundo lisilo na kufuli, lile ambalo R. Kent Treiber wa IBM alilieleza katika ripoti ya mwaka 1986. Uzi husoma anwani ya bafa ya juu, husoma na ya pili yake, halafu huipa prosesa amri moja isiyokatika katikati: kama ya juu bado ni ile niliyoiona, ya pili na iwe ya juu, kama imebadilika, usiguse kitu, nitaanza upya. Amri hiyo, pamoja na vigeu vya atomiki, imo katika lugha ya C++ tangu toleo la 2011. Msimbo wangu wote ulienea kwenye skrini moja. Niliupenda, na nilipenda zaidi kuonekana mtu anayeweza kuuandika.

Dada mmoja aliyenitangulia sana kazini aliupitia akaniuliza, "Bafa ikiondoka halafu ikarudi, je?"

"Kila kigeu ni cha atomiki, dada. Hakuna mwanya."

"Haya, kaka. Ila mimi nisingeweka."

Nikaweka. Majaribio yalipita. Hata kifaa cha kukagua nyuzi zinazogongana kwenye kumbukumbu hakikutoa onyo, kwa sababu kilitafuta kigeu kinachoguswa bila ulinzi, na kila kigeu changu kilikuwa na ulinzi.

Mwanya ulikuwa kati ya kusoma na kubadilisha. Tuseme rundo lina bafa A juu, B chini yake, kisha C. Uzi wa kwanza unasoma: ya juu ni A, ya pili ni B. Hapo mfumo endeshi unausimamisha ili kupisha nyingine. Uzi wa pili unachukua A. Wa tatu unachukua B na kuanza kuandika risiti ya mtu wa Tanga. Wa pili unamaliza kazi na kuirudisha A, ambayo sasa inakaa juu ya C. Uzi wa kwanza unazinduka na kuuliza: ya juu bado ni A? Ndiyo, ni A. Basi B na iwe ya juu. Prosesa inatii, na B, ambayo uzi wa tatu bado unaiandika, inatangazwa kuwa huru. Atakayekuja kuchukua bafa atapewa karatasi ambayo mwenzake bado ana kalamu juu yake.

Ukikuta ndala zako palepale ulipoziacha mlangoni mwa msikiti, huna njia ya kujua kama kuna aliyezivaa akaenda nazo chooni akazirudisha. Prosesa nayo hulinganisha anwani tu, haijui historia yake. Wataalamu huiita hitilafu hii ABA, na ilijulikana muda mrefu kabla sijagusa kibodi. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya swali la dada, na mimi nililijibu kwa majivuno.

Lakini ufundi ni nusu tu ya kosa. Malalamiko yalipoanza, mimi ndiye niliyesema kwenye kikao, "Tuangalie kiolezo kipya." Kijana alikesha akisoma kazi yake mstari kwa mstari. Kiolezo cha zamani kikarudishwa, risiti zikaendelea kupotea, nami nikahamishia lawama kwenye mtandao wa simu. Moyoni nilikuwa na wasiwasi na rundo langu. Nilichelewa kulikagua kwa sababu niliogopa nitakachokikuta.

Mwishowe nilitia alama ya mmiliki kwenye kila bafa na kuandika kumbukumbu ya matukio. Bafa moja, wamiliki wawili, kwa wakati mmoja. Niliusoma mstari ule kisha nikafunga kompyuta, na siku hiyo sikumwambia mtu. Nilisema kesho yake, mbele ya wote, na nikamwomba kijana radhi hapohapo. Alisema yameisha. Sijui kama yaliisha.

Dawa zipo. Unaweza kuambatanisha hesabu na anwani, ikaongezeka kila rundo linapobadilika, na prosesa nyingi za Intel zinaweza kulinganisha baiti 16 kwa mkupuo mmoja ili vyote viwili vikaguliwe pamoja. Mwaka 2004 Maged Michael alichapisha njia nyingine: uzi hutangaza kwanza anwani unayoitazama, na hakuna anayeruhusiwa kuitumia tena hadi tangazo liondolewe. Sikutumia hata moja. Nililirudisha kufuli, halafu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo kabisa: nikapima. Kuchukua na kuachia kufuli kulikuwa kunahesabiwa kwa nanosekunde. Kuisubiri hifadhidata kulihesabiwa kwa milisekunde, na nanosekunde milioni moja ndiyo milisekunde moja. Nilihatarisha siri za wateja ili kuharakisha mahali ambapo hakuna aliyekuwa anangoja.

Kama kwenye mfumo wako kuna rundo la namna hii, na vipande vyake vinatumika tena kwa anwani zilezile, lifungue leo. Tafuta mstari unaosoma na mstari unaobadilisha, kisha jiulize uzi ukilala hapo katikati, wenzake wanaweza kufanya nini. Na kama kuna kijana anayekesha kwa kosa unaloshuku ni lako, mpigie simu kwanza.