Kilomita za mzazi aliyefiwa: safari ya Kigwena

Kutoka Bujumbura kwenda kusini, barabara ya RN3 haiachani na Ziwa Tanganyika kwa muda mrefu, na abiria anayekaa kulia anaweza kuhesabu mitumbwi karibu njia nzima. Ninakwenda Kigwena, mbele kidogo ya Rumonge, na swali nililobeba ni moja: mzazi aliyefiwa na mtoto mchanga akiamua kutembea, kukimbia au kuendesha baiskeli masafa marefu ili achangishe fedha kwa jina la mwanawe, je, jambo hilo lina maana kwenye mwambao kama huu? Uingereza limeshakuwa desturi. Shirika la Sands, lililoanzishwa mwaka 1978 na wazazi waliofiwa na vichanga, huchangiwa na wakimbiaji wa namna hiyo. Huku kwetu kichanga huzikwa upesi, na watu wachache, kisha mama huambiwa Mungu atampa mwingine. Kwa maoni yangu, mwendo wa mzazi huyo una thamani, ila haipimwi kwa kilomita alizozitembea yeye. Hupimwa kwa kilomita anazompunguzia mama mwingine aliyeshikwa na uchungu.

Ushahidi wa kwanza uko njiani. Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, kuna jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Si mbali na hapo ni Kabezi, na kwangu mimi kilichofanyika Kabezi ndicho kilichostahili jiwe. Mwaka 2006 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha dharura za uzazi. Wajawazito waliendelea kujifungulia kwenye vituo vya afya vya vilimani, lakini aliyepata matatizo aliitiwa gari la wagonjwa, akaletwa Kabezi na kuhudumiwa, hata kwa upasuaji, bila kulipa. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo na uzazi katika wilaya ya Kabezi vilipungua kwa asilimia 74, kwa gharama ya takriban yuro 3 kwa mwaka kwa kila mkazi. Mwaka huohuo wa 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 23 walifariki kabla ya kutimiza mwezi. Huduma ya bure ni neema kubwa, lakini aliye mlimani usiku wa manane hafiki kwenye neema hiyo kwa tangazo. Anahitaji gari, na gari linahitaji njia.

Rumonge harufu ya mawese inakupokea kabla hujafika sokoni. Madumu ya njano yamepangwa kando ya barabara, vizibo vimelowa, na mafuta mekundu yamechuruzika hadi kwenye vumbi na kuligeuza tope. Huu ni mji wa Kiswahili, wa misikiti na makanisa, na hapa ndipo mapingamizi yanapopata sauti. Wapo watakaosema kuutembeza msiba barabarani ni kukosa subira. Lakini subira haikumkataza mtu kufanya kazi. Iliyokatazwa ni kumlaumu Muumba. Wengine watasema kichanga hana dhambi, basi sadaka kwa jina lake ni ya nini? Ni kweli, marehemu haihitaji. Anayeihitaji ni yule atakayezaliwa kesho, na ndiyo maana kisima kinachochimbwa kwa jina la marehemu hunywesha walio hai. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama lengo ni fedha, kwa nini mtu ajichoshe? Atoe fedha, akae nyumbani. Jibu ni kwamba mzazi mmoja ana noti chache, lakini akitoka barabarani humlazimu jirani aulize anakwenda wapi, na kifo kilichozikwa kimyakimya kinapata hesabu yake hadharani.

Milimani juu ya Rumonge kuna Kigutu, na hapo jasho lenyewe ndilo lililokuwa mchango. Deogratias Niyizonkiza, aliyevikimbia vita vya Burundi akiwa mwanafunzi wa udaktari na kufika New York mwaka 1994, alirudi kujenga kliniki kupitia shirika lake la Village Health Works. Gari halikuweza kupanda hadi kijijini, na mkandarasi alitaka kama dola 50,000 kutengeneza barabara ya kilomita 6. Wanakijiji wakaitengeneza kwa mikono, kwa majembe na mapanga. Niyizonkiza husimulia habari za mama aliyekuja kuchimba akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mwaka 2007 kliniki ilifunguliwa. Hakuna aliyewavalisha medali, wala hawakuiita hisani. Lakini sijui mwendo wa hisani ulio safi kuliko huo, kwa sababu kila hatua ya mchimbaji ilibaki ardhini kama njia ya mgonjwa.

Atakayejibu kwamba hii ni kazi ya serikali yuko sahihi, na mzazi aliyefiwa hapaswi kuiondolea mzigo huo. Kenya imeonyesha upande wa pili. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, alikimbia marathoni ya London kwa ajili ya Beyond Zero, kampeni ya afya ya mama na mtoto, na fedha zilizochangwa zikanunua magari ya kliniki kwa ajili ya kaunti. Baadaye magazeti yaliripoti kwamba baadhi ya kaunti zilishindwa kuyahudumia. Mbio hununua gari kwa siku moja. Dereva, mkunga na mafuta ni vya kila siku. Burundi, ambako uhaba wa mafuta umewasumbua watu kwa miaka, hilo halihitaji maelezo marefu.

Kigwena yenyewe ina msitu wa hifadhi uliobanwa kati ya michikichi na ziwa, na nyani hushuka hadi kwenye lami. Kwa mgeni ni mandhari. Kwa mwenye uchungu anayeteremshwa kutoka mlimani kwa machela, lami hiyo ndiyo mwanzo wa matumaini. Basi mzazi unayetaka kutembea kwa jina la mwanao, tembea. Ila kabla hujafunga viatu, nenda kituo cha afya kilicho karibu, muulize mkunga gari la wagonjwa lilikosa nini mara ya mwisho lilipoitwa, na uchangishe kwa ajili ya hicho.