Ukuta wa mama umekauka

Nashuhudia nililoliona kwa macho yangu: ukuta wa mbele wa nyumba ya mama, Mji Mkongwe, Unguja, umepita vuli na masika bila kubambuka. Kwetu hiyo ni neema. Tangu nipate akili, ukuta ule ulipakwa rangi kwa ajili ya Idi ndogo, na kabla ya Idi kubwa umeshavimba malengelenge, rangi inadondoka barazani vipande vipande, nyuma yake unga mweupe wa chumvi.

Mtaani imani ilikuwa moja: saruji ndiyo nguvu. Ukuta ukichubuka hupigwa lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta. Imani hiyo ilinitoka siku mwashi mmoja mzee, aliyeitwa kuja kutazama ngazi, aliposimama barazani akagongagonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Ulilia utupu.

"Bi mkubwa," alimwambia mama, "ukuta wako mzima. Kinachokufa ni koti mlilouvisha."

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Jiwe la tumbawe lina vitundu. Hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, na chumvi ndani yake. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke taratibu kwa mvuke. Saruji huyafungia. Chumvi ikiganda nyuma ya lipu hutanuka, ikaisukuma mpaka ing'oke, na rangi nzito juu yake huongeza kifungo tu.

Mzee hakugusa ukuta kabla ya kutengeneza mlizamu uliopasuka, uliokuwa ukimwaga maji papo hapo kila mvua ikinyesha. Masika yalipokwisha ndipo akabandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, kwa upole, maana jiwe hupenda kufuatana nayo. Ukuta ukabaki uchi kipupwe chote ukikauka. Chumvi iliyochomoza aliisugua kwa brashi kavu. Maji yangeirudisha ndani.

Chokaa ilikuwa imelowekwa pipani wiki nyingi. Akaichanganya sehemu moja kwa tatu za mchanga wa shimo uliochekechwa. Mchanga wa pwani aliukataa kabisa, kwa kuwa una chumvi yake. Alitomea mashimo kwa vijiwe, kisha akapiga lipu nyembamba tabaka kwa tabaka, kila moja kama sentimita moja. Hapo ndipo nilipojifunza subira. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya ukaa ingali na unyevu. Jua na upepo wa kusi vikiiwahi, hubaki unga. Kwa hiyo tulitundika magunia mabichi, mimi na ndugu zangu tukayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Jirani mmoja aliuliza kama tumeanika kitu.

Mwisho akapaka chokaa ya maji, nyepesi, juu ya ukuta uliolowanishwa. Mama alitazama akasononeka.

"Fundi, mbona haionekani?"

"Iache ikauke, Bi mkubwa."

Kesho yake ilikuwa nyeupe. Akarudia mara kadhaa, na weupe ukazidi.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni hupiga picha milango. Mimi sasa natazama kuta zinazoibeba milango hiyo, na kila nikiona saruji mpya juu ya tumbawe roho inaniuma, kwa sababu najua kinachoendelea nyuma yake. Kweli, chokaa inataka mikono mingi na kupakwa tena baada ya miaka michache. Lakini chumba cha mbele hakinuki tena ukungu, na mama amerudisha kitanda chake humo, baada ya miaka mingi ya kulala uani.

Ghorofa ya juu bado ina saruji. Chokaa yake tumeshailoweka.