Safari Yangu ya Kibosho

Sisi watu wa Umatengo tunakaa mbali sana na Wachaga. Wao wako chini ya Kilimanjaro, sisi tuko katika milima ya Mbinga, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini kazi yetu ni moja, nayo ni kahawa. Kahawa ndiyo inayosomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu. Misimu miwili mfululizo kahawa yetu ilipata daraja la chini, na karatasi iliyorudi kwetu ilikuwa na neno moja tu: harufu. Bei ikaanguka. Baba wengine wakashindwa kulipa ada za shule, wakaanza kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa walanguzi. Chama kilikuwa karibu kufa.

Ndugu yangu mmoja ameoa Kibosho. Yeye akanipatia namba ya simu ya katibu mwenzangu wa huko, mzee wa siku nyingi katika kazi hii. Tulizungumza mara nyingi. Nilimwuliza, “Mnavundika kahawa muda gani? Mnaanika siku ngapi?” Akanijibu vizuri kila nilichouliza. Majibu yake yalikuwa sawasawa na desturi yetu, na harufu ikabaki vile vile.

Basi nikaomba nauli ya kwenda kumwona. Halmashauri ilibishana sana. Mmoja akasema, “Simu ipo. Ya nini kutupa fedha za wakulima barabarani?” Nikaahidi kwamba nikirudi mikono mitupu nitailipa nauli hiyo mwenyewe. Mke wangu aliposikia ahadi hiyo hakulala vizuri.

Nilisafiri mwezi wa Septemba, sisi tukiwa tumekwisha kuvuna, wao wakiwa katikati ya mavuno. Toka Mbinga nilikwenda Songea, nikapanda basi la kupitia Njombe, Makambako na Iringa. Tuliteremka mlima wa Kitonga polepole, abiria wote kimya. Mbugani Mikumi tuliwaona twiga kando ya barabara. Nikalala Morogoro. Siku ya pili tulipita Chalinze, tukaona mashamba ya katani ya Korogwe, kisha milima ya Usambara na ya Upare ikatufuata mkono wa kuume mpaka Moshi. Asubuhi mawingu yalipofunguka nikauona mlima wenyewe, urefu wake mita 5,895, na theluji kidogo iliyobaki kileleni.

Kule Kibosho nyumba zimejificha katika migomba, na mibuni imepandwa chini ya kivuli chake. Maji hupita katika mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani. Nilipofika nikasema, “Shikamoo Mzee.” Akajibu, “Marahaba, Bwana Katibu. Kumbe wewe ni kijana hivi! Katika simu nilidhani u mzee kama mimi.” Tukacheka, tukala ndizi kwa nyama.

Jioni akanipeleka kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Wakulima walileta matunda mekundu waliyochuma siku ile ile, yakamenywa yote. Kazi ilipokwisha nilidhani tunakwenda nyumbani. Lakini kijana mmoja akachukua spana, akaifungua mashine, akamwaga maji, akachokoa kila pembe kwa kijiti. Zikatoka punje chache zilizonasa ndani.

Nikauliza, “Hufanya hivi kila siku?”

“Kila siku,” akasema Mzee. “Punje ikilala humo huoza. Kesho huingia katika kahawa mpya, na punje chache mbovu zaweza kunukisha gunia zima.”

Nilisimama kama mtu aliyepigwa. Sisi tulikuwa tukiosha mashine mara moja kwa juma. Nikamwambia, “Mzee, mbona hukuniambia katika simu?”

Akanitazama kwa mshangao. “Hukuniuliza. Nami sikujua kama yuko mtu asiyeosha mashine.”

Wasomaji, neno hilo sijalisahau. Katika simu mtu huuliza lile analojua kwamba halijui. Lakini shida yetu ilikuwa katika jambo ambalo mimi sikujua kuliuliza, na yeye hakufikiri kulisema.

Kesho yake alinipeleka mjini kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kuonja kahawa. Nilikuwa na kifuko cha kahawa yetu. Akaikaanga, akaisaga, akaimwagia maji ya moto, akaivuta kwa kijiko kwa kishindo, akaitema. Akasema, “Humu mna punje zilizooza.” Basi nikapata hakika.

Wazee wa mlima huu wanaijua faida ya kukutana tangu zamani. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee alikuwa na kipande cha shamba mtelemkoni, udongo wake unachukuliwa na mvua. Nikaomba jembe, nikamwonyesha ngoro zetu za Umatengo: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, hata kila shimo likazungukwa na tuta na kushika maji. Mambo haya nisingeweza kuyaeleza katika simu hata kwa siku tatu.

Nilirudi nyumbani nikanunua spana. Tangu siku ile mashine yetu hufunguliwa kila jioni. Msimu uliofuata karatasi ya madaraja ilipofika, niliisoma mbele ya mkutano. Neno harufu halikuwamo. Nauli sikuilipa.

Wewe mkulima, wewe mwalimu, wewe fundi au mkunga, simu ni njema, itumie. Lakini walau mara moja nenda ukamwone mwenzako wa kazi akiwa kazini. Kaa naye mpaka jioni, hata baada ya kazi kwisha.