Mjue Mnunuzi Kabla ya Kumjua Msaili

Chanzuru, Kilosa

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipa habari kwamba umeitwa Dar es Salaam kusailiwa kazi ya afisa masoko wa ngazi ya kuanzia, na kwamba tangu upate wito huo unakesha ukikariri majibu ya Kiingereza ya maswali ambayo huenda hata yasiulizwe. Nakuandikia kukusihi ubadili matayarisho hayo wakati siku bado zipo. Maana ya masoko wasaili wanaijua, na vitabu vyake wanavyo. Wanachokihitaji ni mtu wa kuwaeleza kwa nini mnunuzi fulani, mahali fulani, amechukua sabuni ile akaiacha hii, na leo ana shilingi ngapi mfukoni. Hayo mtu aliyekulia Chanzuru anaweza kuyaeleza vizuri kuliko wengi utakaokaa nao kwenye benchi la kusubiri, mradi ajue kwamba anayajua.

Tazama yaliyoipata M-Pesa. Kenya waliianza Machi 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta kwetu. Huduma ni ile ile na jina ni lile lile. Hata hivyo, ilipotimia miezi 14, Kenya walikuwa wameshaandikisha watumiaji zaidi ya milioni 2, na sisi hatukuwa tumefika laki 3. Simu zilikuwa zinafanya kazi kule na huku; kilichotofautiana ni watu na nchi. Tanzania ni pana zaidi, watu wake wametawanyika, na mawakala walikuwa wachache tena mbali. Mtoto aliyeko mjini hawezi kumtumia mzazi wake fedha kwa simu ikiwa kule kijijini hakuna wa kumtolea. Vodacom ilipoacha kuiga njia ya Kenya na kuwatuma watu mitaani kuandikisha mawakala na wateja ana kwa ana, huduma ikashika, na leo kibao cha wakala hukikosi hata katika vijiji vidogo. Wasaili wakikuuliza kazi ya masoko ni nini, waeleze hayo. Ni jibu lenye mwaka na hesabu, na linaonyesha kwamba bidhaa nzuri inaweza kukwama kwa sababu tu aliyeileta hakumjua mnunuzi.

Kisha uje karibu zaidi, dukani. Angalia sabuni ya unga: pakiti ndogo zimening'inia mstari mzima juu ya kaunta, mkono unazifikia bila shida, na ile ya kilo imepandishwa rafu ya juu, ina vumbi. Ukigawanya bei kwa gramu utakuta pakiti ndogo ndiyo ghali, na bado ndiyo inayotoka. Aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi atasema wanakijiji hawajui hesabu. Wanaijua sana. Kibarua anayelipwa jioni akiweka fedha ya siku nzima kwenye sabuni ya mwezi, usiku huo watoto watakula nini? Ananunua kwa kadiri ya kilichomo mkononi, na mafuta ya kula hununua ya kupimiwa kwa sababu hiyo hiyo. Halafu muulize mwenye duka, kwa adabu, daftari la madeni hujaa miezi ipi na hulipwa lini. Atakueleza jinsi kurasa zinavyojaa wakati mahindi yako shambani, na jinsi watu wanavyokuja kufuta madeni yao katikati ya mwaka, mavuno yakishaingia. Kampuni inayoleta kijijini bidhaa mpya ya bei kubwa wakati daftari limejaa itarudi na mzigo wake, hata matangazo yake yawe mazuri namna gani. Nenda maduka kadhaa, uliza kuhusu bidhaa za kampuni hiyo hiyo iliyokuita, uandike ukurasa mmoja wa uliyoyaona. Ukiwa na ukurasa huo, swali la uzoefu halitakutisha. Sema wazi kwamba hujawahi kuajiriwa, kisha weka kazi yako mezani. Usidai cheo ambacho hukuwahi kukishika, kwa maana msaili mzoefu huuliza swali la pili na la tatu juu ya jambo lile lile, na uongo wa msailiwa mara nyingi hufia hapo.

Najua utaniambia kwamba watu wa Dar es Salaam hawana habari na Chanzuru. Wakumbushe sensa ya 2022: Watanzania zaidi ya milioni 61, na karibu theluthi mbili yao wako vijijini. Kampuni inayoishia Kariakoo imewaacha nje wanunuzi walio wengi. Utaniambia pia kwamba Kiingereza chako hakijanyooka. Kifanyie mazoezi, tena kwa sauti, kwa sababu baadhi ya usaili hufanyika kwa lugha hiyo na ripoti nyingi za ofisini huandikwa kwayo. Lakini mnunuzi unayetumwa kumshawishi anazungumza Kiswahili, na mwenye jambo la kueleza akilisema kwa sentensi fupi fupi husikilizwa kuliko anayetiririka bila hoja.

Pingamizi lililo zito ni la kujuana. Silikatai. Nafasi nyingine hutolewa kwa simu ya mkubwa kabla tangazo halijakauka wino, na kijana asiye na mtu anaumia. Ni dhuluma, na haifai kuitwa jina jingine. Hata hivyo, kazi ya masoko na mauzo ina kitu ambacho kazi nyingi za ofisini hazina: mwisho wa mwezi namba husomwa. Meneja aliyemweka ndugu asiyeweza kuuza ataulizwa yeye, kwa sababu lengo la mauzo lililokosekana limeandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana upendeleo, ingawa upo humu pia, hauna raha ya kukaa muda mrefu. Mpe meneja huyo sababu ya kukuhitaji, na umwache apime hasara ya kukukosa.

Wakikupa nafasi ya kuuliza, usiseme huna swali. Uliza lengo la mauzo la mwezi ni kiasi gani, mshahara ni upi na kamisheni ni ipi, na nauli ya kuzungukia maduka inatoka mfuko wa nani. Usione haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako unapoanza, pamoja na mahali, saa na ujira. Na akitokea mtu anayetaka fedha ya fomu, ya sare au ya "kukuweka sawa" kabla ya usaili, huyo ni tapeli, rudi nyumbani.

Safiri siku moja kabla. Treni ya SGR inasimama Kilosa, na nauli ya kwenda na kurudi nimeshamkabidhi mama yako.

Mjomba wako