Saa ngapi Bondo? Safari ya ndege na mtoto wa miezi saba

Blogu hii imekuwa kimya, najua. Juzi rafiki yangu aliniandikia barua pepe akiuliza jinsi ya kusafiri na mtoto mchanga kutoka Marekani hadi nyumbani. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu. Nilipofika ukurasa wa pili nikaona heri niiweke hapa, kwa sababu ndani yake kuna somo la kompyuta ambalo nililipata kwa kuogopa sana.

Binti yetu alizaliwa Minneapolis mwezi Novemba 2023, saa 3 na dakika 40 usiku. Nilitoka kwenye korido nikapiga simu Bondo. Kule ilikuwa saa 12 na dakika 40 asubuhi, na mama yangu alikuwa anafagia uwanja. Nikamwambia, "Mama, msichana! Amezaliwa sasa hivi!" Akapiga kigelegele, kisha akasema, "Akinyi amefika!"

Kwa msomaji asiye Mjaluo: kwetu mtoto hupewa jina kwa wakati aliozaliwa. Wa usiku ni Otieno au Atieno, wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi, wa jua kali ni Ochieng au Achieng. Akija na mvua ni Okoth au Akoth. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya dirisha lenye giza totoro, kwa hiyo kwangu alikuwa Atieno. Nikajaribu kumweleza mama mambo ya majira, laini ikakatika.

Cheti kikaandikwa Atieno. Mama akaendelea kusema Akinyi. Mwanzoni tulicheka. Lakini mama amevuka miaka 80, magoti yake hayawezi safari hiyo, na kila simu aliimaliza kwa swali moja: "Akinyi nitamwona lini?" Baada ya miezi michache kicheko kiliniisha. Tukakata tikiti za Juni 2024.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kama mnavyonijua, mtoto alipozaliwa niliandika programu ya simu. Ilirekodi kila kitu: kunyonya, kulala, nepi, dawa. Kwenye ukurasa wa dawa niliweka kitufe: chekundu kama muda wa dozi haujafika, kijani kama umefika. Niliwaonyesha wenzangu kazini kwa majivuno. Mama Atieno yeye aliitumia siku mbili akaiacha. Alisema hahitaji simu imwambie mtoto ana njaa.

Wiki moja kabla ya safari mtoto alichanjwa surua. Kwa kawaida Marekani chanjo hiyo hutolewa mtoto akifikisha miezi 12, lakini anayesafiri nje ya nchi hushauriwa kuipata mapema, kuanzia miezi 6. Daktari alituonya kwamba homa inaweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano. Safari yetu ilikuwa siku ya 8. Naam, umeshajua kilichotokea.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, saa 9 alasiri, mtoto akawa wa moto. Tukapima, tukampigia daktari, akasema ni homa ya chanjo, tuendelee na safari na tumpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Akasisitiza dozi ya pili isitolewe kabla ya masaa 4 kupita. Nikampa, nikabonyeza kitufe, programu ikaandika: dozi, 15:00.

Tukaingia ndegeni. Tulikuwa tumeomba mapema viti vya mstari wa mbele, pale ambapo kitanda kidogo cha mtoto hupachikwa ukutani. Nilipoketi nikafanya ninavyofanya kila safari: nikageuza saa ya simu iwe ya Nairobi, ili akili ianze kuzoea. Mwezi Juni Nairobi iko masaa 8 mbele ya Minneapolis.

Taa zikazimwa, watu wakalala. Mtoto akaanza kulia, kilio kile cha kuumwa. Nikamgusa paji la uso, moto. Nikafungua programu. Kitufe kilikuwa kijani kibichi. Juu yake maandishi yalisema: masaa 11 tangu dozi ya mwisho.

Masaa 11! Nikajilaumu kwamba nimemwacha mtoto na homa siku nzima. Nikatoa chupa ya dawa, nikavuta kipimo kwenye bomba. Mama Atieno akafumbua macho.

"Baba Atieno, unafanya nini?"

"Nampa dawa. Masaa kumi na moja yamepita."

"Kumi na moja ya wapi? Nimemnyonyesha mara moja tu tangu tupande. Hata chakula hatujaletewa mara ya pili."

Nikabaki nimeshika bomba hewani. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa 9 alasiri tulimpa. Sasa Minneapolis ni saa 12 jioni. Masaa 3. Si 11. Programu yangu ilikuwa imechukua 15:00 ya Minneapolis ikaitoa kwenye 02:00 ya Nairobi, kana kwamba zote ni saa za ukuta mmoja.

Kosa ni la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Niliandika saa kama inavyoonekana kwenye kioo cha simu, bila kuandika ni saa ya wapi. Nyumbani programu ilifanya kazi miezi saba bila tatizo, kwa sababu hatukwenda popote.

Tulisubiri. Tukampunguza nguo, mama yake akampa ziwa, nami nikaandika saa ya dozi kwa kalamu mkononi. Muda halisi ulipofika tukampa. Kabla ya kufika Amsterdam homa ilikuwa imeshuka.

Mengine ya safari ni ya kawaida, nayaweka hapa kwa ajili ya rafiki yangu. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, juu kidogo ya Nairobi. Masikio ya mtoto huumia zaidi ndege inaposhuka, kwa hiyo mnyonyeshe au mpe chupa wakati huo; kumeza ndiko kunakoyafungua. Beba nepi za masaa 24 hata kama safari ni ya 16. Na tangu Januari 2024, Kenya ilipoacha viza na kuweka kibali cha mtandaoni, hata mtoto mchanga mwenye pasipoti ya Marekani anahitaji chake. Usisahau dawa ya kuzuia malaria, ambayo daktari hupima kwa uzito, wala chandarua. Pwani ya Ziwa si mahali pa kubahatisha.

Tulilala Nairobi, asubuhi tukapanda ndege ndogo hadi Kisumu, kisha gari: Kisian, Holo, Akala, Ndori, Bondo. Mtoto alilala njia nzima.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango tangu alfajiri. Alimpokea mtoto bila kutusalimu sisi. "Akinyi, nyakwara," akasema, na hakumwachia mpaka jioni.

Baada ya chakula nikaona nimalize ule ubishi. Nikatoa simu nimwonyeshe Minneapolis iko wapi na jua linazungukaje. Hakutazama simu. Akauliza, "Usiku ule, dirisha la hospitali lilikuwa na nini?"

"Giza, Mama."

"Basi ni Atieno. Mbona hukusema hivyo? Uliniambia amezaliwa sasa hivi. Sasa hivi yangu ilikuwa asubuhi."

Wasomaji, nimesoma maelezo mengi kuhusu majira kwenye kompyuta, na sijakuta yaliyo wazi kuliko hayo. Kuna mambo ambayo swali lake ni "muda gani umepita?" Dawa ni mojawapo. Hayo yaandike kwa saa ya ulimwengu, UTC, au kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 kama zifanyavyo mashine za Unix. Homa haijui Minneapolis wala Nairobi.

Na kuna mambo ambayo swali lake ni "kulikuwa na nini dirishani?" Jina la Atieno ni mojawapo. Ukihifadhi UTC peke yake, alizaliwa 03:40 na hujui kama ni usiku au asubuhi. Lazima uhifadhi na mahali. Usihifadhi tofauti ya masaa tu, kwani Minneapolis na Bondo zilipishana masaa 9 Novemba ile na 8 Juni. Hifadhi jina la eneo kutoka hazina ya majira ya tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980 na ambayo tangu 2011 iko chini ya IANA. Humo Bondo husomeka Africa/Nairobi, na Minneapolis husomeka America/Chicago.

Niliirekebisha programu nikiwa pale pale Bondo, usiku. Nafasi nilikuwa nayo, maana kwa siku nne mtoto aliamka saa 8 usiku akitaka kucheza. Kwao ilikuwa saa 12 jioni. Mama alikataa tumbembeleze sisi. Aliwasha taa, akakaa naye mkekani, wakapiga makofi mpaka karibu alfajiri. "Mwacheni," alisema, "bado hajafika."

Kuhusu jina, mama alikubali kwamba mtoto ni Atieno. Lakini alisema yeye alimpokea asubuhi, kwa hiyo yeye atamwita Akinyi. Siku hizi simu ya Bondo ikilia, binti anaitika majina yote mawili.

Haya, tuonane makala ijayo. Na kama umeandika programu yoyote inayohesabu dawa, geuza saa ya simu yako leo uone itakuambia nini.